Kujibu Baada ya Kusikia: Viunganishi vya Mabishano katika Timu ya Mdahalo ya Shule ya Sekondari, Lubumbashi

Utangulizi

Mwaka huu, katika somo la pragmatiki, tulipewa kazi iliyoonekana nyepesi: kila mwanafunzi achague tukio moja la usemi aliloshiriki mwenyewe, aeleze jinsi lilivyokwenda, kisha achambue lugha yake. Wenzangu walichagua maombolezo, mapatano ya mahari, biashara ya sokoni. Mimi nilirudi nyumbani Katuba, nikafungua sanduku la madaftari ya humanite, nikatoa daftari moja lenye jalada la kijani. Ndani yake mna maandishi ya timu ya mdahalo ya shule yangu ya sekondari. Nilikuwa mwandishi wa timu hiyo kabla ya kuwa msemaji wake, na nilikuwa na mazoea ya kuandika maneno kama yalivyotoka kinywani, hata pale mwalimu alipotaka yasafishwe kwanza.

Makala hii imetokana na kazi hiyo. Nataka kutetea dai moja. Sehemu ngumu ya mdahalo ni kurudia kwa haki alichosema mpinzani, kukikubali kwa kadiri kinavyostahili, kisha kugeuka na kumjibu. Mgeuko huo hubebwa na maneno madogo, yaani viunganishi na chembe za mkazo. Katika mji wetu maneno hayo yanatoka katika lugha zaidi ya moja, na shule ilitufundisha yale ya lugha moja tu. Kwa sababu hiyo watu huhitimisha haraka kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hoja. Nilisikia hitimisho hilo likitamkwa mbele ya baba yangu, na nadhani lilikuwa kosa.

Daftari lina upungufu wake. Sikuwa na kinasa sauti, na mkono wa mtoto wa miaka 16 hauwezi kufuata ulimi wa mtu mzima. Kwa hiyo mifano ni michache. Nimechukua ile tu niliyoiandika papo hapo bila kukatiza.

1. Namna nilivyoingia katika timu

Nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari, sehemu ya Kilatini-Falsafa. Shule yetu ilikuwa na kanuni ambayo wengi wenu mnaijua: ndani ya ua, Kifaransa tu. Aliyekamatwa akisema Kiswahili alilipa franga 100 kwa kapita wa darasa. Nililipa mara nyingi, hata mama akaniuliza kama siku hizi maandazi ya shule yamepanda bei.

Siku moja mwalimu wa Kifaransa alitangaza kwamba anaunda timu ya mdahalo ya kushindana na shule nyingine za mji. Alihitaji wasemaji watatu na mwandishi mmoja. Sikuthubutu kuomba nafasi ya msemaji. Kifaransa changu cha kwenye karatasi kilikuwa kizuri, lakini mbele ya watu kilinikimbia. Niliomba uandishi.

Kanuni zilikuwa rahisi. Kila upande una wasemaji watatu, na kila mmoja ana dakika 5. Wa kwanza anafafanua mada na kuweka hoja kuu. Wa pili anaongeza ushahidi na mifano. Wa tatu anajibu upande wa pili na kufunga. Pande hugawanywa kwa kura, kwa hiyo hujui mapema kama utaunga mkono mada au utaipinga. Huulizwi unaamini nini.

Mwalimu aliongeza zoezi lake mwenyewe. Katikati ya mabishano, watu wakiwa wamepata moto, alipiga meza na kusema: «Badilishaneni viti.» Aliyekuwa akitetea sare za shule alihamia upande wa pili na kuendelea pale mpinzani wake alipoachia. Mara ya kwanza wote sita walinyamaza. Hakuna aliyeweza kuendeleza hoja ya mwenzake, kwa maana hakuna aliyekuwa ameisikiliza. Kila mmoja alikuwa akingoja zamu yake tu. Mwalimu akanigeukia, akaniambia nisome nilichoandika. Nikasoma hoja za pande zote mbili, moja baada ya nyingine. Wiki iliyofuata aliniita pembeni: «Msemaji wa tatu ni wewe.» Nikamwambia kwamba Kifaransa changu kinakwama. Akajibu kwamba Kifaransa kitakuja kwa mazoezi, lakini mtu asiyesikiliza hawezi kufundishwa kusikiliza katika wiki mbili.

Inafaa kukumbuka kwamba mafunzo ya namna hii si mapya kwetu. Katika mfumo ulioachwa na Wabelgiji, mwaka wa mwisho wa humanite uliitwa «rhétorique», yaani mwaka wa ufasaha wa kusema. Jina limefifia, lakini desturi imebaki katika insha ya Kifaransa ya Mtihani wa Serikali: mwanafunzi anaweka hoja, anaweka hoja pinzani, kisha anaziunganisha. Timu ya mdahalo ilikuwa insha hiyo hiyo, ila mpinzani alikuwa na macho na aliweza kukucheka.

2. Majina ya jambo lenyewe

Neno «mdahalo» nililikuta baadaye kabisa, katika kamusi, nilipofika hapa fakulte. Lubumbashi tulisema «deba», kutoka Kifaransa. Mama alisema «mabishano», na kwake halikuwa neno zuri. Nilipomwambia kwamba nimeingia katika timu ya mabishano, alidhani nimepata adhabu.

Hofu ya mama ina msingi wa kisarufi. Kitenzi «kubishana» kimeundwa kwa kiambishi tamati -an-, kinachoonyesha kwamba tendo linakwenda na kurudi kati ya watu wawili au zaidi. Vitenzi vya namna hiyo tunavyo vingi katika uwanja wa usemi: kujibizana, kuulizana, kujadiliana, kuelewana, kusikilizana, kupatana. Ukivipanga kwa maana, unaona kwamba «kubishana» na «kujibizana» viko karibu na ugomvi, na «kuelewana» na «kupatana» viko karibu na amani. Katikati yake pamebaki nafasi nyembamba.

Tazama hasa «kusikilizana». Kwa umbo lake, maana ni kwamba mimi nakusikiliza na wewe unanisikiliza. Lakini katika matumizi, tukisema kwamba majirani wawili wanasikilizana, tunamaanisha kwamba wana maelewano, hawana shida. Lugha imechukulia kwamba watu wakisikilizana kweli, amani itafuata. Mdahalo unadai jambo ambalo kitenzi hiki hakikulitarajia: tusikilizane kikamilifu, na bado tusikubaliane.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Katika Kiswahili cha Kongo «kusikia» ni pia kufahamu. Tunauliza «Unasikia Kiswahili?» tukitaka kujua kama mtu anakielewa. Naomba msomaji alishike hilo; litarudi mwishoni.

3. Siku ya wazazi

Mada ya shindano la mwaka wa tano ilikuwa: Je, uchimbaji wa madini kwa mikono upigwe marufuku? Kura ilitupa upande wa kuunga mkono marufuku.

Hapa lazima niseme nyumba ninayotoka. Baba alifanya kazi ya kiwandani hadi kazi ile ilipokwisha, nami nilikuwa bado mdogo. Baada ya hapo akawa mmoja wa wale tunaowaita bakrezeri, kutokana na neno la Kifaransa «creuseur»: mtu anayeshuka shimoni na nyundo, patasi na taa ya kichwani. Franga 100 nilizolipia Kiswahili changu zilitoka katika shimo hilo. Sikumweleza mwalimu. Niliogopa kwamba angenitoa katika timu, au, vibaya zaidi, angenitumia kama mfano.

Kwa Kifaransa nilimudu. Nilizungumza juu ya «l'exploitation artisanale», juu ya usalama, juu ya watoto walioacha shule. Nilieleza kwamba Sheria ya Migodi ya 2002 inaruhusu kazi hiyo kwa Wakongomani watu wazima wenye kadi, katika maeneo yaliyotengwa, na kwamba walio wengi wanachimba nje ya maeneo hayo. Maneno yalikuwa safi na yalikuwa mbali. Katika sentensi zangu hapakuwa na mtu mwenye nguo zenye vumbi. Tulishinda.

Kisha prefe wa shule akataka mdahalo huo urudiwe siku ya wazazi, mwisho wa mwaka, kwa Kiswahili, ili wazazi wafuate. Faini ilisimamishwa kwa siku hiyo moja. Lakini prefe aliweka sharti: Kiswahili tupu, bila kuchanganya, kwa sababu alitaka kuwaonyesha wazazi kwamba tunaweza.

Umeme ulikuwa umekatika, hivyo hapakuwa na kipaza sauti. Wazazi walijaa kwenye madawati, wengine wakasimama madirishani. Baba alikuja na koti lake la kanisani.

Msemaji wetu wa kwanza, msichana ambaye kwa Kifaransa hakuna aliyemweza, alianza hivi:

(1) Bachimbaji banakufwaka mu mashimo, donc serikali ikataze ile kazi, parce que maisha njo ya kwanza.

Wanafunzi wakapiga kelele: «Donc! Parce que!» Prefe akainua kidole. Msichana akaanza upya:

(2) Bachimbaji banakufwaka mu mashimo. Serikali ikataze ile kazi. Maisha njo ya kwanza.

Aliendelea hivyo kwa dakika zote 5. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na kila sentensi ilisimama peke yake kama tofali lisilo na udongo. Msemaji wa pili alifanya vivyo hivyo. Upande wa wapinzani nao haukuwa bora. Nikaona mwalimu mmoja kati ya waamuzi akimwinamia mwenzake, na kwa kuwa nilikaa karibu, nikasikia: «Si unaona? Kiswahili hakibebi mdahalo.» Baba alikuwa amekaa nyuma yao, kiti cha pili. Alisikia pia.

Kabla ya msemaji wa tatu, wazazi walipewa nafasi ya kuuliza. Baba akasimama. Aliniita «msemaji wa tatu», kana kwamba hatulali nyumba moja. Akasema maneno haya, nami nikayaandika kwa mazoea tu, bila kufikiri:

(3) Mulisema bachimbaji banakufwaka mu mashimo. Ni kweli, shiye njo tunabazikaka. Lakini njaa nayo inauaka. Sasa kama munakataza shimo, mutatupatia nini?

Ukumbi ukatulia. Karatasi yangu ilikuwa na tafsiri ya hotuba yangu ya Kifaransa, na pale kwenye «certes» niliacha nafasi wazi kwa sababu sikupata neno. Niliiweka karatasi chini, nikajibu hivi:

(4) Papa, ulisema njaa nayo inauaka. Ni vile, ata miye naijua. Shisemi tukataze kazi yote. Nasema tukataze shimo yenye haina miti, na tutoshe batoto mu mashimo.

Tulishindwa. Waamuzi walieleza kwamba msemaji wa tatu aliacha msimamo wa upande wake: mada ilisema marufuku, naye akatetea masharti. Kwa kanuni za mdahalo walikuwa na haki, sibishani nao. Ninachobisha ni lile neno la pembeni.

4. Uchambuzi

4.1 Kilichoondolewa pamoja na «donc»

Mfano (1) ndio usemi wa kawaida wa kijana wa Lubumbashi. Vincent de Rooij, aliyechunguza mazungumzo ya Kiswahili cha Shaba na Kifaransa, alionyesha katika kitabu chake cha 1996 kwamba maneno kama «donc», «mais» na «parce que» yana kazi maalumu katika usemi wetu. Kwa kuwa ni ya Kifaransa katikati ya Kiswahili, yanajitokeza, na kwa kujitokeza yanamsaidia msikilizaji kuona hoja inapoanza, inapogeuka na inapofungwa. Kwa mtazamo huo, (1) si lugha iliyoharibika. Ni lugha yenye alama za njia.

Prefe aling'oa alama hizo bila kuweka nyingine. Mfano (2) ndio matokeo yake. Mwamuzi aliyesema kwamba Kiswahili hakibebi mdahalo alikuwa ameona jambo la kweli: usemi uliokatika. Alikosea sababu. Wanafunzi wale walikuwa wamefundishwa kuunganisha hoja kwa Kifaransa pekee, tangu darasani hadi katika timu. Hakuna siku waliyofundishwa kuziunganisha kwa Kiswahili, na siku zote walipojaribu ndani ya ua, walilipa.

4.2 Hatua za swali

Sasa tazama (3). Aliyesema ni mtu aliyesoma hadi darasa la sita. Swali lake lina hatua nne, na kila hatua ina alama yake.

Kwanza, rejeo: «Mulisema...» Anarudia hoja yetu neno kwa neno, bila kuipotosha. Pili, kukubali: «Ni kweli», na kukubali huko anakutilia uzito kwa «shiye njo tunabazikaka». Tatu, mgeuko: «Lakini njaa nayo inauaka.» Nne, swali, lililofunguliwa kwa «sasa»: ikiwa ni hivyo, basi jibuni hili.

Hakuna neno la Kifaransa hata moja, na hakuna kilichokatika. Hizo ndizo hatua ambazo mwalimu wetu alitufundisha kwa «certes» na «mais» kwa mwaka mzima. Baba alizijua kutoka kwingine: vikao vya familia, msiba, kugawana mapato ya shimo, mahali ambapo anayejibu bila kurudia kwanza neno la mwenzake huonekana hana adabu.

4.3 Chembe tatu

Kiambishi -ak-. Katika «banakufwaka», «tunabazikaka» na «inauaka», -ak- inaonyesha tendo la mazoea. Kiswahili sanifu hutumia hu-: wachimbaji hufa, njaa huua. Lugha nyingi za Kibantu zina kiambishi tamati cha namna hii, kwa umbo la -ag- au -ak-. Katika mdahalo kina uzito wa pekee. Angesema «njaa inaua», angeweza kuwa anazungumzia tukio moja, nasi tungedai ushahidi. Kwa «inauaka» aliweka kanuni dhidi ya kanuni: kifo cha shimoni ni cha kila siku, na kifo cha njaa ni cha kila siku vilevile.

Chembe «njo». Inalingana na ndi- ya sanifu, lakini haibadiliki kwa ngeli. Linganisha:

(5) Shiye njo tunabazikaka. (Lubumbashi)
(6) Sisi ndio tunaowazika. (sanifu)

Sanifu inadai vitu viwili: ndi- yenye upatanisho, na kirejeshi -o- ndani ya kitenzi. Lubumbashi inatosheka na kimoja. Kazi ya mkazo ni ile ile: si ninyi mnaozungumza juu ya vifo, wanaozika ni sisi. Kwa chembe moja alikubali hoja yetu na wakati huo huo akatunyang'anya haki ya kuimiliki. Sijaona mahali pengine katika daftari langu ambapo kukubali kumefanya kazi kubwa hivyo.

Neno «nayo». Limeundwa na «na» na kiwakilishi cha ngeli, na linapokaa baada ya nomino huweka kitu cha pili kando ya cha kwanza: shimo linaua, njaa nayo. Hoja ya kwanza haifutwi, inapata jirani. Kifaransa kingetumia neno zaidi ya moja kwa kazi hiyo.

5. Matokeo kwa ufundishaji

Nilipofika mwaka wa kwanza hapa chuoni nilifikiri dawa ni sanifu peke yake. Nilijifunza «ilhali», «ijapokuwa», «maadamu», nikaenda kuvitumia nyumbani. Baba aliniuliza kama nasoma gazeti. Leo nina maoni mengine: mwanafunzi wetu anahitaji ngazi zote mbili, na anahitaji kujua ni lini apande na lini ashuke. Hii hapa orodha fupi niliyoandaa kwa ajili ya wanaofundisha au watakaofundisha sekondari:

- Kutoa sababu: sanifu «kwa sababu», «kwa kuwa», «kwani», Lubumbashi «juu», «juu ya».
- Kutoa matokeo: sanifu «kwa hiyo», «basi», «ndiyo maana», Lubumbashi «njo maana», «sasa».
- Kukubali kisha kugeuka: sanifu «ni kweli kwamba... lakini», «ingawa», «ijapokuwa», Lubumbashi «ni vile... lakini».
- Kukubali kwa kukisia: sanifu «hata kama», «hata ukikataza», Lubumbashi «ata kama».
- Kuweka kando: sanifu na Lubumbashi, nomino ikifuatwa na «nayo», «naye», «nao».

Tofauti kati ya mstari wa tatu na wa nne ni muhimu kwa msemaji. «Ijapokuwa shimo linaua» inakubali kwamba linaua. «Hata kama shimo linaua» inaacha jambo hilo wazi. Msemaji hajakiri kitu. Wanafunzi wengi huchanganya viwili hivi, na mpinzani mwenye masikio huwanasa hapo.

Nimejaribu zoezi moja na wanafunzi wa sekondari jirani na kwetu, siku za Jumamosi. Naliandika hapa ili mwingine alichukue.

(a) Chagueni mada inayogusa nyumba za wanafunzi, na gawanyeni pande kwa kura.
(b) Hakuna anayeruhusiwa kujibu kabla hajarudia hoja ya mwenzake, na mwenzake awe amesema «ni vile». Akisema «sivyo», rudia tena.
(c) Katika raundi ya kwanza, kila mmoja aseme kama anavyosema nyumbani. Mwandishi aandike viunganishi vyote, vya lugha yoyote ile.
(d) Katika raundi ya pili, someni orodha ya viunganishi pamoja. Kwa kila kile cha Kifaransa, tafuteni kimoja cha Lubumbashi na kimoja cha sanifu. Rudieni mabishano bila kupoteza hatua hata moja.
(e) Badilishaneni viti.

Hatua ya (b) ndiyo inayochukua muda, na ndiyo yenye faida. Mara ya kwanza mabishano ya dakika 10 yalikwenda nusu saa. Hatua ya (d) inafanikiwa tu ikitanguliwa na (c): usimwondolee mtu neno kabla hujampa jingine.

Msomaji anaweza kuuliza kama jambo hili lina nafasi katika shule zetu, ambako Kifaransa ndicho lugha ya kufundishia. Katiba ya 2006, kifungu cha 1, inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa ambazo Serikali inapaswa kuzikuza bila ubaguzi. Kuikuza lugha ni pamoja na kuiachia kazi ngumu, na kubishana kwa utaratibu ni kazi ngumu. Tena, nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wanafunzi wetu watakutana na wenzao wa Tanzania na Kenya waliozoea mdahalo wa Kiswahili tangu wakiwa wadogo. Watahitaji «ijapokuwa». Lakini wasiende huko wakidhani kwamba «njo» yao ni aibu.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni cha sokoni na nyumbani, hakiwezi maneno marefu. Nawakumbusha «Vocabulaire ya ville de Elisabethville» ya 1965, iliyoandikwa na André Yav: historia ya mji huu na ya watumishi wa nyumba za wazungu, imeandikwa tangu mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili cha huku. Aliyeiandika hakungoja mtu amthibitishie kwamba lugha yake inatosha.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba usemi wa wanafunzi ulikatika siku ile kwa sababu ya kunyang'anywa viunganishi walivyovizoea bila kupewa vingine, na kwamba mzazi mmoja, kwa Kiswahili kile kile, alipitia hatua zote za hoja ya kukubali na kugeuka. Mifano minne haitoshi kujenga nadharia. Inatosha kulikataa neno lililosemwa pembeni na mwamuzi, na inatosha kuomba utafiti mpana zaidi: turekodi vikao vya familia, mikutano ya mitaa, na wale wanaosimama mbele ya magazeti njiani wakibishana siasa, tuone viunganishi vyao.

Siku ile tulirudi nyumbani kwa miguu, baba na mimi. Nilingoja aseme kitu kuhusu marufuku, au kuhusu kushindwa kwetu. Tulipofika karibu na nyumba alisema neno moja tu: «Ulinisikia.» Sikujua, na hadi leo nikiwa na daftari mbele yangu sijui, kama alitumia maana ya pwani au maana ya huku kwetu. Jumatatu alitoka saa kumi za alfajiri, kama kawaida, na taa yake ya kichwani.